Nilivyomwonyesha Mjomba Twiga

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nilikuwa mkaa bure wa siku nyingi, ila sikukiri mbele za watu. Mbele za watu nilikuwa mwandishi. Nilikuwa na kaunta buku tatu zilizojaa riwaya, nimezifunga kwa mpira wa baiskeli na kuziweka chini ya mto, na kila aliyeniuliza siku hizi nafanya nini nilimjibu, "Naandika." Wenye adabu walinyamaza. Wasio na adabu waliuliza, "Sasa unakula nini?"

Nilikuwa nakula kwa mjomba, kule Chamazi, Temeke. Nilipomaliza kidato cha nne na kupata yale matokeo yasiyompeleka mtu popote, mjomba hakunisema. Alinipa kitambaa cha kufutia viti na kuniambia, "Kesho saa kumi na moja alfajiri." Ndivyo nilivyokuwa konda wa Hiace yake, baina ya Mbagala Rangi Tatu na Mbande. Nyuma ya gari ile kulikuwa na maandishi mekundu: HARAKA YA NINI. Abiria waliochelewa kazini walikuwa wakiyachukia maandishi yale kuliko nauli.

Mchana naning'inia mlangoni, usiku naandika. Riwaya yangu ilimhusu mpelelezi mmoja mwenye gari jekundu na miwani ya giza, anayewafukuza majambazi ndani ya mbuga ya wanyama. Mbuga yenyewe sikuwa nimeiona. Wala sikuwa nimeona kiwanja cha ndege kwa ndani, wala hoteli yenye lifti, na vyote vilikuwamo. Niliamini mwandishi ni mtu wa kubuni. Kazi ya konda nilikuwa naiona kama deni ambalo nitalilipa siku riwaya ikitoka, kisha nisahau.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya bajaji. Tulikuwa tunatoka kituoni Rangi Tatu, mjomba akaikwaruza bajaji iliyokuwa upande wa kushoto, wazi kabisa, mchana kweupe. Akasema, "Sikuiona." Wiki ya pili akapanda tuta la kando ya barabara. Watu wakadhani amekunywa, na mjomba hajawahi kuonja pombe maishani. Hospitalini wakampima wakamwambia ni presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa ule hula macho kimyakimya kuanzia pembeni, kwamba alichokwisha kupoteza hakitarudi, na kwamba dawa za matone ni za kulinda kile kilichobaki.

Usiku ule aliniita uani. "Mpwa wangu," alisema, "naona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Katikati naona vizuri. Pembeni hamna kitu. Unajua nimeendeshaje miezi yote hii?"

"Sijui, mjomba."

"Kwa mdomo wako. Ulikuwa ukisema 'kushoto boda,' nami najua kushoto kuna boda. Ukinyamaza, naogopa."

Ndugu msomaji, maneno yale yalinikata maini. Miezi kadhaa nilikuwa jicho la mjomba wangu la kushoto, mwenyewe sina habari. Na siku nilizosinzia mlangoni kwa sababu nilikesha na mpelelezi wangu, gari lililojaa akina mama na wanafunzi lilikuwa likiendeshwa na mtu anayeona nusu ya barabara. Sikulala.

Mjomba aliamua kuliuza gari. Akapatikana mnunuzi wa upande wa Kinondoni, kule Tegeta, wakakubaliana alichukue Jumatatu. Siku zilizobaki mjomba hakulia wala hakulalamika. Ila Jumatano, tukila ugali, alisema kama anayezungumza na sahani, "Miaka yote hii nimewapeleka watu waendako. Mimi mwenyewe sijaenda popote. Ningependa kuona mnyama ambaye si mbuzi."

Binamu yangu, mwanawe wa kwanza, ni fundi wa magari pale Tandika. Akaacha kutafuna. "Mzee," alisema, "wazungu wanapita hapa na magari yenye kitanda na jiko. Sisi Hiace tunayo, godoro tunalo, jiko tunalo. Kilichobaki ni kuviweka pamoja." Mkewe mjomba akacheka hadi akapaliwa. "Nendeni wanaume mkaliwe na mbu," alisema, lakini kesho yake ndiye aliyekaanga maandazi ya safari.

Ijumaa mchana tulichomoa viti vya nyuma kwa spana, tukabakiza cha karibu na mlango. Tukatandika godoro la nne kwa sita, tukafunga chandarua kwenye vyuma vya darini, tukapakia jiko la mkaa, sufuria mbili, dumu la maji, tochi, mkeka na kiroba cha mchele. Pazia ilikuwa kanga ya shangazi. Kwa siri nikazichomeka na kaunta buku zangu chini ya godoro. Niliona nami nina sababu yangu ya kwenda: kukusanya mandhari ya riwaya.

Saa kumi jioni tukaondoka. Binamu alishika usukani na mjomba akakaa siti ya mbele kushoto, mahali ambapo hajawahi kukaa ndani ya gari lake. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haipo. Barabara ya Mandela tuliimeza taratibu na malori ya bandarini, tukapita Buguruni, Ubungo, Mwenge, tukaingia Barabara ya Bagamoyo. Kwetu sisi watu wa Temeke, Kinondoni ni kama nchi ya jirani: tunajua ipo, tuna ndugu kule, tunaenda kwenye msiba. Pale Tegeta mjomba akauliza, "Ndiyo hapa litakapokuwa?" Binamu akasema ndiyo. Hakuna aliyeongea tena mpaka Bunju.

Mbele kidogo trafiki akatusimamisha. Akachungulia ndani, akaona godoro, jiko na mtu mzima amevaa kofia ya kushona. "Abiria wako wapi?"

"Hakuna abiria, afande," mjomba akajibu. "Leo gari limepumzika."

Trafiki akazunguka, akasoma yale maandishi ya nyuma, akacheka peke yake. "Haya, nendeni. Ila kweli, haraka ya nini."

Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu kutoka mjini. Tulilala kwenye ua wa nyumba moja ya wageni, mwenye nyumba akatutoza bei ya kuegesha gari na si ya chumba. Tukapika wali, tukanunua pweza. Asubuhi tukaenda Kaole, mwendo wa kilomita 5 hivi kusini mwa mji, tukaona gofu la msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Mjomba alikuwa akiyapapasa mawe kwa kiganja, taratibu, kama anayesoma.

Tukapita na Misheni, ile iliyoanzishwa na mapadri mwaka 1868. Pale ndipo ulipofikishwa mwili wa David Livingstone, Februari 1874. Alifia mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiwamo Chuma na Susi, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi mpaka pwani. Mjomba alisikiliza yote, kisha akasema, "Kumbe hata yeye alifikishwa na makonda." Tulicheka, lakini neno lile liliniganda. Niliporudi nyumbani nilisoma habari zaidi, nikakuta kwamba kati ya wabebaji wale alikuwako kijana mmoja, Jacob Wainwright, aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India. Ndiye aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti pale alipofia, ndiye aliyeusindikiza mwili hadi London, na safari nzima ya msafara ule alikuwa akiiandika kwenye daftari. Mzigo anao, daftari analo. Mimi nilidhani ni lazima kwanza utue mzigo ndipo uandike.

Kutoka Bagamoyo tulishika lami ya Msata, tukavuka Ruvu, kisha tukakata kulia barabara kuu ya kuelekea Segera, tukavuka Wami. Pale Mandera lami ikatuaga. Kuanzia hapo ni kama kilomita 60 za vumbi kuelekea baharini kupitia Miono. Njia ile ina mashamba ya nanasi na mihogo, na watoto wanaopunga mikono kwa kila gari kana kwamba wamelikopesha. Mbele ya Miono tukapata pancha. Tairi la spea likawa nalo halina upepo. Binamu akatukana kwa heshima, maana baba yake yupo, akapanda bodaboda na tairi mbili hadi kwa fundi. Aliporudi jua lilikuwa limechoka, na tulipofika langoni tukaambiwa muda wa kuingia umekwisha, turudi asubuhi.

Tukarudi nyuma kwenye kijiji kimoja, tukaomba kwa mwenyekiti wa kitongoji, akatupa nafasi chini ya mwembe karibu na nyumba yake. Tulikula maandazi kwa chai. Usiku ukaingia, na giza la kule si kama la Chamazi. Mjomba akashindwa kabisa kuona, akashika mkono wangu kwenda chooni na kurudi. Tulipolala watatu kwenye godoro lile, akasema, "Nimelala juu ya kitu kigumu. Ndio vitabu vyako?"

Sikuweza kukataa.

"Tusomee."

Nikawasha tochi nikasoma sura ya kwanza. Mpelelezi akaendeshwa kutoka kiwanja cha ndege hadi mbugani. Kichakani akaruka chui milia mwenye macho ya moto.

"Subiri," mjomba akasema. "Huyo chui milia ni wa mbuga gani?"

Nikababaika. Binamu, ambaye hajawahi kusoma riwaya hata moja, akasema kutoka kwenye giza, "Chui milia ni wa India na huko Asia, kaka. Hapa hayupo." Akaanza kucheka, godoro zima likatikisika.

Mjomba hakucheka. Aliuliza la pili, na hilo ndilo lililoniuma. "Na huyo dereva aliyemleta kutoka kiwanja cha ndege, anaitwa nani?"

Hakuwa na jina. Ukurasa mzima alikuwa ameendesha gari, amefungua mlango, amebeba sanduku, na sikuwa nimempa jina wala uso. Nilizima tochi nikasema betri zinaisha. Nilikaa macho nikisikiliza mbu nje ya chandarua, na nikajua kwamba katika kaunta buku tatu hakuna konda hata mmoja, hakuna suka, hakuna mtu wa Mbagala. Waliokuwa wakinilisha wote niliwaacha nje ya kitabu.

Jumapili asubuhi tulikuwa wa kwanza langoni. Saadani ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa Tanzania Bara ambayo pori lake linafika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Tulilipa kwa simu kiingilio cha raia, ambacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni. Sikuwa nimewahi hata kuuliza bei. Nilidhani ni mahali pa watu wengine. Askari wa hifadhi akatueleza masharti: hakuna kushuka ovyo, hakuna kuacha barabara, hakuna kelele.

Hatukuenda mbali twiga akavuka. Alitokea kushoto, karibu kabisa, akapita mbele yetu kwa hatua mbili tatu na kutokomea kwenye migunga ya kulia. Binamu akapiga breki. "Mzee, umemwona?"

"Nimemwona," mjomba akasema. "Mkubwa kweli."

Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, na niliona alikuwa akitazama barabara tupu, moja kwa moja mbele. Alisema vile kwa ajili yetu. Tulikuwa tumechanga hela, tumelala kwenye mbu, hakutaka tusikitike. Koo likanikaba.

Tukaona ngiri wakikimbia mikia juu, tukaona kuro na kongoni, lakini kila mara ikawa vile vile: sisi tunapiga kelele za chinichini, yeye anageuza shingo, mnyama keshaondoka kwenye kile kitundu chake cha kuonea. Akawa anaitikia tu, "Naam, naam." Kisha, jua likiwa limepanda, nikamwona twiga mwingine. Huyu alikuwa amesimama mbali kidogo, kati ya miti, anakula. Nikamwambia binamu azime injini.

"Mjomba," nikaanza, na wallahi nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu Temeke, "tazama kiumbe wa maajabu, mrefu mithili ya mnara, akinyakua majani kwa madaha..."

"Yuko wapi?"

"Amesimama kwa maringo katikati ya..."

"Mpwa wangu." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nimekuuliza yuko wapi."

Nikanyamaza. Nikafikiri: ningekuwa mlangoni, tunarudi nyuma pale Rangi Tatu, ningemwambiaje? Basi nikaweka mkono begani kwake, nikasema kama konda.

"Suka, tazama barabara mbele. Umeiona?"

"Naiona."

"Kuna kichuguu kulia kwa barabara. Njoo kulia. Njoo, njoo. Simama. Umekipata?"

"Chekundu? Nimekipata."

"Sasa panda juu. Taratibu. Kuna mti mkavu hauna majani. Ushike huo. Kata kushoto kidogo. Kidogo tena. Mti unaofuata siyo mti."

Alikaa kimya. Kichwa chake kilisogea kidogo sana, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Kisha bega lake likashtuka chini ya mkono wangu.

"Anatafuna," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Anatafuna."

"Anatutazama. Ana kope." Akavua kofia. "Jamani. Ana kope kama mtu."

Tulikaa pale muda mrefu, injini imezimwa. Twiga alipohama nilimfuata kwa maneno, "kulia, kulia, ameinama, amenyanyuka," na mjomba akamfuata. Binamu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, akijifanya anakagua dashibodi. Mchana tukafika ufukweni, karibu na kijiji cha wavuvi cha Saadani, mahali ambapo Bwana Heri aliwapinga Wajerumani mwaka 1889. Mjomba akavua kandambili, akaingia majini hadi kwenye magoti. Bahari haikuhitaji kuelekezwa. Inajaa kitundu chote.

Tulirudi kwa njia ya Chalinze na Kibaha, tukafika Chamazi usiku. Jumatatu tukarudisha viti, tukafagia makombo ya maandazi, mnunuzi akaja. Mjomba alimkabidhi funguo kwa mikono miwili. Aliomba jambo moja tu, kwamba yale maandishi ya nyuma yasifutwe. Yule bwana akakubali. Kama ametimiza sijui. Upande ule wa Kinondoni siendi mara kwa mara.

Nami nilikwenda kupima macho, maana ugonjwa ule hutembea kwenye ukoo na wengi huugundua wamechelewa. Kijana mwenzangu, kama kwenu yupo mwenye presha ya macho, nenda ukapime kabla hujaikwaruza bajaji yako.

Na wewe unayeandika usiku kwa tochi kama mimi, sina ujuzi wa kukufundisha. Riwaya yangu haijatoka. Mpelelezi nimemstaafisha, chui milia amerudi kwao Asia. Nimenunua kaunta buku mpya na kuanza upya, saa kumi na moja alfajiri, kituo cha Mbande, na dereva ana jina. Bado nafanya ukonda, kwenye gari la mtu mwingine. Daftari liko kwenye mfuko wa koti, pamoja na chenji.

Jioni nikirudi naweka mjomba matone, tunasubiri yaingie, kisha namsomea nilichoandika. Anasikiliza amefumba macho. Nikianza kuremba maneno anainua mkono wake mmoja.

"Yuko wapi?" ananiuliza.

Nakata mstari, naandika tena.